Safari ya meli Hawaii, mama anatembea kwa kitembezi: ashuke bandari ya Hilo, ashuke Kona, au abaki melini?

Kutoka Houston

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Tunampeleka mama Hawaii kwa meli, siku saba kutoka Honolulu. Ana miaka 74 na magoti yamechoka: anatembea hatua kama mia kwa kitembezi cha magurudumu manne, kisha lazima akae. Kiti cha magurudumu cha kukunja tunacho. Meli inapita Kahului, Hilo, Kona na Nawiliwili. Orodha ya matembezi imejaa neno "rahisi", sasa rahisi kwa nani? Mnaozijua bandari hizi tupeni hesabu: ngazi ngapi, umbali gani, na kinachoharibika ni nini.

Kutoka Seattle

Marahaba. Kabla ya kuuliza kuna nini cha kuona, uliza meli inafunga gatini au inatia nanga nje. Kwenye safari yenu Honolulu, Kahului, Hilo na Nawiliwili ni gati. Kona peke yake meli inatia nanga, na abiria wanapelekwa ufukweni kwa boti. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, Kona na hizo nyingine ni safari mbili tofauti kabisa.

Tuanze na mji wa Hilo (jina linachekesha kwa Kiswahili, lakini ndilo). Bandari imekingwa na ukuta wa mawimbi wa kilomita 3 hivi, kwa hiyo meli ikishafungwa hutulia. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa pwani hatulitegemei: kule maji kujaa na kupwa hayatofautiani hata mita moja. Mombasa au Dar tofauti hupita mita tatu, na kidaraja cha kushukia kilicholala asubuhi kinaweza kusimama mchana. Hilo si hivyo. Mteremko mtakaoukuta asubuhi ndio huohuo mtakaorudia jioni, labda mabaharia wahamishe kidaraja kwenye sitaha nyingine.

Kwenye kidaraja msimwache mama ashuke na kitembezi. Kitembezi cha magurudumu manne kikipata mteremko kinamvuta mtu mbele, na breki zake za waya hazishiki vizuri pedi zikilowa. Mkalisheni kwenye kiti, mkigeuze, ashuke kinyumenyume, msaidizi akiwa nyuma ya kiti upande wa chini. Mabaharia wanaijua kazi hiyo. Waombeni, wala msione aibu. Kitembezi kikunjwe kishuke peke yake.

Kutoka Minneapolis

Niongeze la Kona, maana hapo ndipo watu huumia.

Boti za kushushia abiria mara nyingi ni zilezile za kuokolea watu. Unateremka mpaka sitaha ya chini, mlango wa ubavuni unafunguliwa, unakanyaga jukwaa dogo, kisha boti. Pengo lenyewe ni dogo, halizidi sana unyayo wa mtu. Shida ni kwamba jukwaa limetulia na boti inapanda na kushuka. Wimbi likiwa la nusu mita, hatua inayotakiwa ni fupi sekunde hii, na sekunde ya pili ni ya kwenda gotini. Mabaharia wawili humshika mtu mikono, mmoja kila upande, wakangoja boti ilingane na jukwaa, ndipo wanasema "sasa". Mama asitangulie neno hilo, na likishasemwa asisite. Asishike chuma cha boti kwa mkono mmoja na cha meli kwa mkono mwingine. Kitembezi kitangulie kikiwa kimekunjwa, na vibao vya kuwekea miguu vya kiti vitolewe, viingie mfukoni, kwa sababu ndivyo vinavyopotea.

Mabaharia hawambebi mtu. Sharti la kampuni nyingi ni abiria aweze kupiga hatua mwenyewe kwa kusaidiwa kidogo, na afisa aliyeko mlangoni ana haki ya kusema hapana siku hiyo hata kama jana alisema ndiyo. Skuta ya umeme kwa kawaida haipandi boti. Zipo meli zenye kifaa cha kuingiza kiti moja kwa moja kwenye boti, lakini uliza kwa jina la meli, si la kampuni. Meli za kampuni moja hazifanani.

Kosa ninaloliona likirudiwa: watu wanapima bahari ya asubuhi, wanashuka, wanasahau kwamba kuna kurudi. Upande wa Kona upepo wa baharini huamka mchana. Aliyeshuka kwa starehe saa 3 asubuhi anaweza kukuta boti inarukaruka saa 9 alasiri, na hapo hana hiari tena, lazima apande. Kama mtashuka, shukeni mapema mrudi kabla ya chakula cha mchana. Boti ya mwisho waachieni vijana.

Na saa! Kwenye karatasi ya meli 4:30 ya mchana ni saa kumi na nusu jioni. Mwandikieni mama kwa saa zetu, kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa. Mzazi akibaki peke yake dukani akasoma 4:30 kama saa nne na nusu, mtamkuta ametulia tuli anakunywa kahawa.

Akishafika nchi kavu, Kona ina ukarimu: barabara ya Aliʻi Drive inaanzia gatini na ni tambarare. Hekalu la Ahuʻena unaliona ukiwa umesimama palepale kwenye gati. Kasri la Huliheʻe, la mwaka 1838, na kanisa la mawe la Mokuʻaikaua ng'ambo ya barabara ni mwendo mfupi kwa kiti. Jua ni kali na vivuli vichache. Mashamba ya kahawa yako mlimani na njia zake zina mwinuko. Nyambizi za utalii ziacheni: kuingia ni kwa ngazi ya wima.

Kutoka Sacramento

Hilo basi. Mji wenyewe uko kilomita kama tatu kutoka gatini, kwa hiyo msifikirie kusukuma kiti. Chukueni gari.

Kwa mtu wa hatua mia, mpango ni huu. Maporomoko ya Rainbow kwanza: maji yanaanguka mita 24 hivi, na unayaona kutoka ukingoni mwa maegesho, hakuna kupanda. Ngazi za kushoto zinazokwenda juu ya maporomoko ni za wengine. Nendeni kabla ya saa 4 asubuhi, jua likiwa nyuma yenu. Upinde wa mvua unatokea wakati huo, mchana haupo. Kisha Banyan Drive, mkiwa ndani ya gari, muone miti mikubwa iliyopandwa na watu mashuhuri kuanzia 1933. Wa mchezaji besiboli Babe Ruth na wa rubani Amelia Earhart imo. Pembeni yake bustani ya Liliʻuokalani, ya Kijapani, mbele ya bahari. Njia za kingo zinapitika. Vile vidaraja vya mgongo wa ngamia vinapendeza kwenye picha, lakini kiti hakivipandi. Mvua ikishika, kituo cha ʻImiloa cha sayansi ya nyota, cha chuo kikuu, kiko chini ya paa. Bustani ya wanyama ya Panaʻewa, nje kidogo ya mji, haina kiingilio.

Na mvua itashika. Hilo hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Kama mama ana fimbo pia, kabla ya safari igeuzeni mtazame mpira wa chini: kama duara zake zimelika ukabaki laini, kwenye jiwe lililolowa ni sabuni. Mpira mpya ni dola chache duka la dawa. Pimeni kipenyo cha fimbo kwanza.

Mkiwa na muda, ongezeni maporomoko ya Akaka, ni marefu mno, mita 135.

Kutoka Columbus

Hapana, Akaka msimpeleke. Kuyaona lazima ushuke njia ya msituni yenye ngazi nyingi, kisha uzipande tena, na hakuna mahali pa kuyaona kutoka maegesho. Wageni hulipa kiingilio na maegesho juu yake. Mtalipa halafu mama abaki ndani ya gari.

Pesa na muda huo pelekeni hifadhi ya volkano ya Kīlauea. Kutoka Hilo ni kilomita 48, dakika 45 hivi. Msiiache kwa siku ya Kona eti kwa kuwa Hilo na Kona ziko kisiwa kimoja: kutoka Kona ni zaidi ya kilomita 150, saa mbili na zaidi kwenda tu. Kwenye hifadhi bonde la volkano linaonekana kutoka vituo vilivyo karibu na maegesho. Pango la Nāhuku lina ngazi, lirukeni. Penye mvuke na gesi ya salfa, mwenye pumu au moyo asikaribie. Hifadhi yenyewe inaonya hivyo. Na ni juu, mita 1,200 hivi, kwa hiyo sweta, hata kama gatini mlikuwa mnatoka jasho.

Ada ya gari binafsi ni dola 30. Kama kwenye gari yupo mwenye uraia au kadi ya kijani aliye na ulemavu wa kudumu, aombe pasi ya walemavu getini, akiwa na barua ya daktari au hati ya serikali. Ni bure, ni ya maisha, na inafunika gari zima. Mama aliyekuja kwa viza ya kutembea haipati. Mkienda na basi la matembezi pasi haipunguzi bei.

Sasa basi, maana hili watu hawalijui. Ngazi ya kwanza ya basi kubwa la watalii kwa kawaida iko sentimita 30 hadi 40 kutoka chini, halafu zinafuata nyingine kadhaa, nyembamba, zenye kupinda. Neno "rahisi" kwenye orodha halihesabu hizo. Ombeni basi lenye lifti, na semeni wazi kwamba mama ataipanda akiwa amesimama na kitembezi chake. Sheria ya Marekani inamruhusu. Lifti si ya kiti peke yake. Kampuni ya mabasi inaweza kudai taarifa ya saa 48, kwa hiyo kuomba asubuhi mkiwa foleni ni kazi bure. Andikeni barua pepe kwa dawati la mahitaji maalumu la kampuni ya meli kabla ya kusafiri, mtumiwe jibu la maandishi, na mlichapishe. Lifti ya kawaida inachukua chombo kisichozidi sentimita 76 kwa 122, na kilo 272 pamoja na mtu. Pimeni kiti mtu akiwa amekikalia, kwa sababu vidole vya miguu hutokeza mbele.

Kutoka Toronto

La makaratasi, kwa ufupi. Meli ya Pride of America, ile ya siku saba kutoka Honolulu, ina bendera ya Marekani na haigusi nchi nyingine, kwa hiyo abiria hatoki Marekani. Nyingi zinazoondoka Los Angeles kwenda Hawaii zina bendera ya nje, na sheria ya Marekani ya 1886 ya meli za abiria inazilazimu kupita bandari ya kigeni, kwa kawaida Ensenada, Mexico. Hapo umetoka nchini. Mwenye kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi inayosubiri, au mzazi mwenye viza ya kuingia mara moja, asikate tiketi hiyo kabla ya kuongea na mwanasheria. Na sisi wa Kanada: ukaazi wa kudumu wa huku hauondoi viza ya Marekani kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo.

Kutoka Houston

Asanteni sana, mmetufungua macho. Moja la mwisho: tukikodi skuta ya umeme badala ya kiti?

Kutoka Seattle

Kwa safari hii, kiti. Kona skuta haitashuka, na melini itawadai nafasi: lazima ilale ndani ya chumba, hairuhusiwi kuachwa koridoni, na mlango wa chumba cha kawaida huenda usiipitishe. Mkiichukua hata hivyo, ombeni upana wa mlango kwa sentimita kabla ya kulipa chochote. Kwa ndege ya Honolulu, betri ya lithiamu inayochomoka itolewe mwende nayo ndani ya ndege. Ya akiba ni moja isiyozidi wati-saa 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja. Namba imeandikwa ubavuni mwa betri. Ikiwa imefutika, watu wa ndege watawakatalia, kwa hiyo ipigeni picha ikiwa bado inasomeka.

Kwa Hilo, msaidizi abebe glavu. Mipini ya kiti ikilowa inateleza, na mama ataomba apitishwe soko la mjini akisikia kuna mashelisheli. Jumatano na Jumamosi ndiyo siku zake kubwa. Vichochoro vinabana, pitieni kingoni. Matunda yaliwe hukohuko, maana mizigo inayotoka Hawaii kwenda bara hukaguliwa na watu wa kilimo, na mengi hayapiti.