Tabaka la kati baina ya SAP na programu nyingine

Muulizaji:
Habari zenu wanajukwaa. Programu zetu za mauzo, ghala na ankara husoma moja kwa moja majedwali ya SAP, mfumo wetu mkuu wa kuendeshea biashara, na kila mfumo huo unapoboreshwa tunalazimika kuzirekebisha zote. Je, tabaka la kati, yaani programu ya kupitishia maombi yote baina ya SAP na programu hizi, litatuondolea adha hii, au tutakuwa tumejiongezea tu kitu kingine cha kutunza?

Mchangiaji wa kwanza:
Litawaondolea, mradi lifuate istilahi za biashara yenu na si za SAP. Chukua namba ya mteja: katika KNA1, jedwali la wateja la SAP, hukaa kwenye uga wa KUNNR wenye nafasi 10, hivyo mteja 4711 huhifadhiwa kama 0000004711. Programu ya mauzo haina haja ya kuzijua sifuri hizo. Kuziongeza na kuziondoa ni kazi ya tabaka, tena mahali pamoja tu.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono, ila msijaribu kuficha kila kitu. Mfumo ukiwa umezimwa, programu inayouliza ielezwe hivyo waziwazi badala ya kupewa jibu tupu. Aidha, kila ombi la kuandika libebe kitambulisho chake cha pekee, ili likitumwa tena baada ya mtandao kukatika lisizae ankara mbili.

Muulizaji:
Nashukuru. Tuzihamishe programu zote kwa pamoja?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapana. Anzeni na usomaji wa taarifa za wateja, kisha futeni ruhusa ya kuyafikia majedwali yenyewe, la sivyo mtu atarudia njia ya mkato.