Msaada: karafuu au kitunguu swaumu, kipi kinatuliza jino haraka?

Gego Bovu: Wakuu habari za jioni. Jino la chini kulia, lile la mwisho kabisa, linanitesa tangu wiki iliyopita. Usiku ndiyo balaa, nikilaza kichwa tu linaanza kupiga. Jikoni nina karafuu, swaumu, tangawizi, chumvi na asali. Habari za hospitali sitaki, naombeni dawa ya jikoni tu.

Mpemba wa Bara: Karafuu, hakuna mjadala. Tafuna moja polepole upande huohuo, au isage, weka tone la mafuta ya kula, chovya pamba ukandamize penye tundu. Ina yujenoli, ndiyo inayotia ganzi. Hata madaktari wa meno hutumia mafuta yake kwenye simenti ya kuziba kwa muda, ndiyo maana vyumba vyao vinanukia pilau. Ila yale mafuta makali ya chupa usiyamimine ovyo, yanababua.

Kaka Mkubwa: Mimi mwaka fulani fundi gari alinishauri maji ya betri. Nilimshukuru, nikahama gereji.

Mama Wawili: Asali usiidharau. Wanangu wakikohoa nawapa kijiko kabla ya kulala, wanatulia. Ila aliye chini ya mwaka mmoja haonji hata tone, inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Mama mkwe tuligombana kwa hilo mpaka leo hatuko sawa.

Nesi wa Zamu: Dada, mwenzetu kaulizia jino. Mkuu, umevimba? Una homa? Mdomo unafunguka vizuri?

Gego Bovu: Nimevimba kidogo, kawaida tu. Jana nililala na punje ya swaumu juu ya fizi, leo pamekuwa peupe na panachoma. Nadhani ndiyo inavuta uchafu.

Nesi wa Zamu: Haivuti kitu, umejiunguza. Swaumu mbichi ikikaa usiku kucha inababua nyama. Sukutua kwa maji ya vuguvugu, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Na la mdomo hujajibu.

Gego Bovu: Vidole viwili havipiti. Usiku nilitetemeka baridi kidogo. Lakini nimeshaanza vidonge vya rangi mbili, jirani alibakisha vinne. Jumamosi naenda kujitambulisha ukweni, siwezi kwenda na pengo.

Nesi wa Zamu: Ungesema hilo mwanzo! Uvimbe, homa na taya kukaza maana yake usaha unatafuta njia. Karafuu inatuliza maumivu, usaha haiugusi. Vidonge vinne vya jirani si dozi, na huenda si hata dawa yenyewe. Nenda leo. Ukianza kumeza au kupumua kwa shida, usisubiri kupambazuke.

Kaka Mkubwa: Gego la mwisho hilo, mkwe atakuchungulia mpaka huko? Anakuoza binti au ananunua ng'ombe?

Gego Bovu: Mnachukulia utani. Dispensari ya mtaani waliwahi kuning'oa jino ganzi haijashika. Sirudi. Nitaongeza karafuu, nikisikia nafuu nitawaambia.

Mzee wa Busara: Vijana wa sasa mnaogopa sindano, ndoa hamziogopi.

Mpelelezi: Samahani wakuu, hii ni chai. Juzi kwenye uzi wa kitimoto huyuhuyu alisifia mbavu za kuchoma, eti alitafuna mpaka mfupa. Leo mdomo haufunguki? Subirini, sasa hivi anaweka namba ya kuuza mafuta ya karafuu.

Mama Wawili: Na mimi nilishtuka. Mtu mwenye homa anajibu kila dakika?

Mpemba wa Bara: Anaandika kwa vidole, si kwa taya.

Gego Bovu: Mbavu nilikula kushoto. Na juzi palikuwa hapajavimba hivi.

Mpelelezi: Weka picha.

Nesi wa Zamu: Iwe chai au maziwa, anayesoma hapa akiwa na dalili hizo aende hospitali. Gego, umeondoka?

Mzee wa Busara: Kimya. Ama yuko njiani, ama anatafuta picha.

Kaka Mkubwa: Wakati tunamsubiri, Mpelelezi, zile mbavu alisema ni za Sinza ipi?