Tupeane uzoefu: ile muvi ya malimwengu mengi, uliifikisha mwisho?

Nianze mimi mwenye uzi. Nina kiduka cha kufua nguo hapa Section 58, Nakuru: mashine mbili, pasi moja na daftari la madeni. Mwishoni mwa Juni, siku zile za kukimbizana na ritani za kodi kabla ya tarehe 30, kijana wangu akaniwekea Everything Everywhere All at Once kwenye leptopu. "Pumzika kidogo, mathe." Kupumzika gani! Muvi inaanza tu, mama Mchina wa makamo amezama kwenye risiti mezani. Ana duka la kufua nguo. Mume mpole kupita kiasi, baba mzee amekuja kukaa naye, na afisa wa kodi anawasubiri. Nikamgeukia kijana nikadhani ananicheka.

Kisha wakafika ofisini. Yule afisa, Jamie Lee Curtis na nywele zake zile, akatoa risiti moja ya mashine ya karaoke akaizungushia duara nene jeusi. Wenzangu wa eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa watu wa kodi, mnanielewa. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetia risiti ya spika ya kwaya kwenye matumizi ya duka. Nilisimamisha muvi, nikaenda nikaitoa.

Baada ya hapo mateke yakaanza, watu wakahama dunia hii na ile, nikasinzia. Niliirudia Agosti ndipo nikaiona. Haya semeni: mliitazamia wapi, na nani, mlikatia wapi au mlilia wapi? Wasioipenda pia waseme, ila bila matusi.

FUNDI WA KAMERA, Free Area
Mimi nakata video za harusi na ruracio, zile sherehe za mahari, kwa hiyo niliitazama kwa jicho la kazi. Paul Rogers aliyeihariri alitumia Premiere, programu ileile inayonigandia mimi kila Jumamosi. Na zile picha za kompyuta, sehemu kubwa ilifanywa na kikosi cha watu kama watano, wengi wao wakijifunza wenyewe kwa video za intaneti. Watano! Sinema moja ya mashujaa wa Marekani orodha ya watu wa kazi hiyo inapita kwenye skrini mpaka chai inapoa. Hii ikachukua Oscar 7, ya uhariri ikiwemo. Huku kwetu zilitangazwa alfajiri ya tarehe 13 Machi 2023, nami nilikuwa macho nikimalizia harusi ya mtu aliyekuwa bado hajanilipa.

MWALIMU MSTAAFU, Bungoma
Muvi ya dakika 139, nami sikuzifikisha. Nimefundisha fasihi miaka mingi, najua vurugu yenye mpango na vurugu tupu. Mtu anakula mafuta ya midomo ili apate nguvu za kupigana? Ule ulimwengu wa watu wenye vidole vya soseji ulinitosha, nikazima. Mnisamehe.

MWENYE UZI
Mwalimu, shikamoo. Kula mafuta ya midomo kuna sababu yake. Wanasema kila uamuzi unazaa dunia nyingine, na humo kuna wewe mwingine: mmoja mpishi, mmoja nyota wa sinema. Ukitaka kuazima ujuzi wa yule, lazima ufanye jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulifanya muda huo. Ujinga ndio nauli. Ila vidole sivitetei. Vilikuwa smokie kabisa, bado kutiwa kachumbari.

BABA PACHA, Busia
Niliitazama sebuleni na mama mkwe. Walipofikia vile vikombe vya tuzo vya afisa wa kodi, na jinsi vilivyotumika… niliinuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Sina ng'ombe.

BINTI WA WEBUYE
Sijui kama mmesikiliza lugha. Yule mama akiongea na baba yake ni Kikantoni. Akigeukia mume ni Kimandarini. Kwa binti yake Joy ni Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na binti anajibu kwa Kichina cha kubahatisha. Nyumbani kwetu hasa! Mimi na babu ni Kibukusu, na mume wangu ni Kiswahili kwa sababu yeye ni wa Siaya, na watoto wanajibu kwa Kiingereza cha katuni. Kuna jambo nilitaka kumwambia babu kabla hajafa, na neno lake nililijua kwa Kiswahili tu.

Nakala yangu ya kwanza haikuwa na maandishi ya tafsiri, nusu ya muvi ikanipita. Lakini ile sehemu ya mapema, mama anamfuata binti mpaka kwenye gari, ameshamuumiza kwa kumtambulisha mpenzi wake wa kike kwa babu kuwa ni "rafiki" tu. Unamwona mama anatafuta neno la kumtuliza. Analitafuta usoni kabisa. Halafu linalotoka ni kwamba umenenepa, kula vizuri. Hapo sikuhitaji tafsiri. (Kwetu kunenepa ingekuwa sifa, lakini sauti ya mama ni ileile.) Shangazi aliyekuwa nami alitaka tuzime kwa sababu ya huyo mpenzi. Hakuondoka, lakini. Alibaki amesimama mlangoni mpaka mwisho, eti anapita.

NYAR SEME
Nyinyi mnashangaa ile dunia ambamo mama na binti ni mawe mawili, yanakaa ukingoni yakiongea? Njooni kwetu Seme, barabara ya Bondo. Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Wazee wanasimulia mzee mmoja alilipenda lile jiwe hata akawa anashinda pangoni, mkewe anampelekea chakula huko. Mama akiulizwa mumewe yuko wapi, anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Na Kakamega kuna lile la Ilesi linalolia. Mawe ya sinema mimi niliyaona ni ya kawaida, tena machanga.

Mume ndiye aliyenishika. Ke Huy Quan alikuwa mtoto mwigizaji miaka ya 80, alicheza kwenye muvi ya Indiana Jones, halafu kazi zikakauka akakaa miaka mingi nyuma ya kamera. Huyo ndiye anayepigana kwa mkoba wa kiunoni, na dakika inayofuata anabandika macho ya plastiki kwenye mifuko ya nguo za wateja. Mke anamwona bwege. Mimi pia nilimwona bwege, nikachelewa sana kujua kwamba ule upole ndio silaha yake. Marehemu baba alikuwa hivyo. Tulikuwa tukimwonea haya sokoni Kibuye kwa sababu hakujua kupunguza bei, alilipa alichoambiwa na kumuuliza muuzaji watoto hawajambo.

JIRANI WA KONDELE
Nimesoma yote, sasa nisikilizeni. Sisi tuliitazamia kwenye kibanda cha video, kiingilio shilingi 20. DJ wetu hutafsiri palepale kwa maikrofoni, anamwiga DJ Afro, yule mtafsiri maarufu wa muvi, lakini usimwambie hivyo. Kibandani kuna sheria: stelingi, yaani shujaa mkuu, hafi, na adui ajulikane mapema.

Dakika za kwanza DJ akatangaza, "Huyu mama ndiye stelingi!" Sawa. Mume akachomoa mkoba akaangusha walinzi. DJ akaruka, "La, stelingi ni mzee, mama ni wa kumsindikiza!" Kufumba na kufumbua mzee amerudi kuwa yule wa kuomba msamaha. Mtu wa benchi la nyuma akadai arudishiwe ishirini yake.

Ikaja zamu ya adui. Anayetishia dunia zote ni binti. Ameona kila kitu cha kila dunia, ameona hakuna chenye maana, akarundika vyote kwenye mkate wa duara wenye tundu katikati. DJ akauita "mandazi la shetani" na hapo tulicheka. Lakini kila akisema "adui", mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni anamkatiza: "Si adui, ni mtoto wake." DJ: "Adui anamkaribia stelingi!" Mama: "Mtoto wake!" Mara ya tatu DJ akasema, "Haya, mtoto anamkaribia stelingi."

Halafu mawe. Hakuna sauti, ni upepo na maandishi. DJ akafungua mdomo, akaufunga, akaweka maikrofoni juu ya spika. Mkisikia jenereta la kinyozi wa jirani mjue kibanda kimenyamaza kweli. Ndipo mtoto anayeuza njugu, wa gredi ya sita hivi, akiwa na karai kichwani, akaanza kuyasoma yale maandishi kwa sauti. Anasoma Kiingereza polepole, akikwama anarudia, kisha anatupa Kiswahili chake. Jiwe la mama, jiwe la mtoto. Hakuna aliyenunua njugu wala aliyetoka.

MWALIMU MSTAAFU, Bungoma
Nilizima kabla ya hayo mawe. Yako dakika ya ngapi?

MWENYE UZI
Mbele kidogo tu, Mwalimu, ukishavuka vidole.

JIRANI WA KONDELE
Kama uko njiani, Mwalimu, Jumapili jioni tunairudia kwa sababu waliokosa wamelalamika. DJ amekubali kwamba kwenye mawe atanyamaza. Shida iliyobaki ni mtoto wa njugu: anasema safari hii ataingia bure, na akisoma analipwa.