Simba wa MGM, dunia ya Universal au mama wa Columbia: ipi imebadilika bila kuharibika?

KandaZaZamani (mwenye uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Juzi nimekaa na mwanangu tunaangalia sinema ya zamani, simba wa MGM kanguruma, dogo akauliza, "Baba, yule wa kweli?" Nikasema ndiyo. Tukaweka filamu mpya, simba yuleyule, swali lilelile, nikababaika. Tangu 2021 yule si mnyama tena. Ni kompyuta imemtengeneza kwa kumfuatisha Leo, simba aliyeshika zamu tangu 1957.

Sasa naomba tulinganishe hizi alama za kampuni za filamu za Marekani, zinazocheza kabla filamu haijaanza. Naweka tatu mezani: simba wa MGM, dunia ya Universal, na mama mwenye mwenge wa Columbia. Ipi imepita kwenye miaka yote hiyo bila kuharibiwa? Mimi nasema simba, ila naishia 2021. Nipingeni.

BintiForodhani
Columbia, tena bila kusita. Yule mama wa sasa alichorwa kwa mkono na Michael Deas mwaka 1992, na mtu aliyesimama kama kielelezo alikuwa Jenny Joseph, mfanyakazi wa gazeti la New Orleans. Alikwenda kupigwa picha wakati wa mapumziko ya mchana, akajitanda shuka, mkononi kashika taa ndogo badala ya mwenge. Basi! Halafu dunia nzima ikamwona kama malkia. Kompyuta ilikuja baadaye kusogeza mawingu na kuuwasha mwenge, uso wake haikuugusa. Mabadiliko ya adabu ndiyo hayo.

Kisauni_Matata
Nyinyi mwaacha dunia nzima mwamng'ang'ania simba mmoja? Hebu tazameni Universal. Zamani ilikuwa na eropleni yaizunguka dunia. Mwaka 1936 wakaleta tufe la kioo na nyota zametameta, miaka ya 60 likaja lile lenye mikanda yazunguka angani. 1997 Jerry Goldsmith akalitungia muziki, na 2012, kampuni ilipotimiza miaka 100, Brian Tyler akaupanga upya muziki uleule. Yaani wao kila kizazi wabadilisha kila kitu, na bado mtu ajua ni wao. Simba yeye ni kunguruma tu.

KandaZaZamani
Kunguruma tu? Kaka, wa kwanza hata hakunguruma! Slats, 1924, enzi za filamu zisizo na sauti, alikuwa anageuza kichwa kama mzee anayesubiri kahawa. Jackie ndiye wa kwanza kusikika, 1928, na sauti yake ilipigwa kwa santuri.

MtotoWaProjekta
Shikamooni wakubwa. Mnajadili maumbo tu, rangi mmeisahau, na kwa simba rangi ndiyo hadithi yenyewe.

MGM hawakumpaka Jackie rangi. Kwa filamu za Technicolor, ule mfumo wa zamani wa kutengeneza sinema za rangi, kuanzia 1934, walileta simba mwingine kabisa, Tanner, na wawili hao wakafanya kazi sambamba hadi 1956. Jackie wa filamu zisizo na rangi, Tanner wa zenye rangi. Ila *The Wizard of Oz* ya 1939, sinema inayosifiwa kwa rangi kuliko zote, inafunguliwa na Jackie, kwa sababu mwanzo wake ni wa hudhurungi. Rangi inaingia baadaye, msichana anapofungua mlango.

Kwa nini haikuwa rahisi kupaka rangi tu? Kamera ya Technicolor ya wakati ule ilikuwa na kioo ndani kinachogawa mwanga, ukaenda kwenye filamu tatu kwa mpigo. Kila moja ilibeba sehemu yake ya rangi. Kisha kiwandani nakala ilipigwa chapa kwa wino, manjano, samawati na waridi iliyokolea, rangi moja juu ya nyingine, kama khanga inavyopigwa. Ikikaa vibaya kidogo, ukungu.

Marehemu baba alikuwa fundi wa projekta. Nakala za aina zilizokuja baadaye, zile za filamu moja tu, aliziona zikiwa nyekundu kama zimechovywa kwenye damu. Wino wa Technicolor haukufifia hivyo. Kwa hiyo Tanner kwenye nakala nzuri ya zamani anaweza kuwa na manyoya ya dhahabu hadi leo, wakati nakala ya Leo ya miaka ya 60 imegeuka waridi. Mdogo wake kazeeka kuliko yeye.

BintiForodhani
Marahaba mwanangu. Umenifundisha. Sisi Unguja tulipata televisheni ya rangi miaka ya 70, Bara wakiwa hawana hata isiyo na rangi, na ile seti ya jirani yetu kila kitu kilikuwa kijani. Simba kijani, mwenge kijani. Labda ndiyo maana simpendi.

Kisauni_Matata
😂😂 Dada, laumu seti, simuonee mnyama. Lakini ile ngurumo nayo si safi. Miaka ya 1980 fundi wa sauti Mark Mangini alitengeneza mpya akatumia sauti za chui milia, maana simba halisi hatoi mlio mkali hivyo. Kwa hiyo mwenye uzi, huyo simba wako "wa kweli" alikuwa akisemewa na mtu mwingine miaka mingi kabla ya 2021.

KandaZaZamani
Hiyo imenikata maini. Sikuijua.

MtotoWaProjekta
Mzee, usikate tamaa. Mdomo ni wake.

KandaZaZamani
Haya, nimesogea nusu hatua: Tanner namba moja, mama wa Columbia wa pili, Universal ya 1997 ya tatu. Ile ya 2012 imejaa taa mno. Nimemwita dogo apige kura naye. Kaangalia zote tatu kwa heshima, kisha kachagua ile taa ya Pixar, kampuni ya katuni, inayoruka ikaponda herufi I.