Mafundi wa kupaka uji wa saruji: nimelipa mara tatu, ufa ungali uleule

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira niliyoikalia tangu mvua za Aprili. Kibaraza cha nyumba yangu hapa Bombo kina ufa unaoanzia kwenye ngazi na kukimbilia pembe ya jiko, na kwa ufa huo mmoja nimeita mafundi watatu, kila mmoja kwa shilingi 150,000, bila kuhesabu saruji, mchanga na chai yao. Leo asubuhi nimechomeka sarafu ya shilingi 100 ikasimama wima.

Wa kwanza aliniita Hajati, ingawa Makka sijawahi kufika, akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akapokea kianzio, kisha akakoroga saruji na maji kwenye kopo la rangi mpaka ikawa uji, akaupaka juu ya ufa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Hakufagia. Mle ndani mlikuwa na vumbi, mchanga na ganda la njugu, na vyote vikafunikwa hivyo hivyo jua likiwa la utosi, wala hakunyunyiza maji hata tone. Siku tisa baadaye ule utando ulikuwa ukibanduka vipande vyembamba kama maganda ya yai. Wa pili alifanya vilevile kwa uji mzito zaidi. Wa tatu, ambaye ndiye aliyeniudhi kuliko wote, alipaka uji na juu yake akapiga ile rangi nyekundu ya sakafu ili, kwa maneno yake, "usionekane tena".

Kinachoniuma ni kwamba katika watu watatu hakuna hata mmoja aliyeuliza ufa umetoka wapi. Nyumba haina mifereji ya kukinga maji ya bati, kwa hiyo mvua yote ya upande ule huanguka ukingoni mwa kibaraza na kuchimba udongo wa kujazia, ambao nilikuja kuambiwa na jirani kuwa haukushindiliwa kabisa. Zege lenyewe lina unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 8, limemwagwa kipande kimoja bila kiungo, wakati zege la unene huo hukatwa kila mita 3 hivi, kwa sababu husinyaa linapokauka, na usipolikatia mahali pa kupasukia litajichagulia lenyewe.

Mimi si fundi, lakini nilichukua penseli na rula ya mtoto, nikaweka alama pande zote mbili za ufa na kuandika tarehe. Mwezi wa Aprili upana ulikuwa milimita 2. Kufikia Juni ulikuwa 4. Huo ni ufa unaotembea, na ufa unaotembea haushikwi na saruji, kwa kuwa saruji ikishakauka haivutiki: sharti kwanza maji yaelekezwe kwingine na udongo utulie, kisha ufa ujazwe kitu kinachonyumbuka kama mpira. Ungekuwa umetulia, hata hapo kazi haikuwa ya kupaka. Ufa huchongwa kwa tindo mpaka kina cha sentimita 2 hivi, husuguliwa kwa brashi ya waya, huoshwa na kuachwa na unyevu, ndipo hushindiliwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, na kufunikwa kwa gunia bichi lisiloachwa likauke kwa siku 7. Tindo, brashi na gunia! Vyote vinapatikana sokoni, na hakuna aliyekuja navyo.

Nashukuru Mungu ni kibaraza. Ingekuwa nguzo au boriti, ufa ukitoa madoa ya kutu maana yake chuma cha ndani kinaliwa na kuvimba, na mtu angeupakia rangi nyekundu hivi hivi juu ya vichwa vya watoto wangu. Hapo ningetafuta mhandisi, si fundi wa mwiko.

Sasa yule wa tatu anadai salio la shilingi 40,000 na amenipigia simu mara mbili akisema kazi yake ilikwisha. Nimemwambia aje Jumamosi. Nitampa birika la maji amimine yeye mwenyewe kwenye ufa, anionyeshe yanakoingia, halafu ndipo tuzungumze habari ya salio.