Kanisa la Taüll huko Hispania: michoro yenyewe mbona ipo Barcelona?

kona_kona: Wakuu habari za jioni, wenye kujua historia naomba mnisaidie. Mshkaji wangu anasoma Hispania, kanipeleka bonde moja linaitwa Vall de Boí, ndani kabisa ya milima ya Pyrenees, barabara ni kona tupu mpaka kichefuchefu. Kijijini Taüll kuna kanisa la mawe, Sant Climent, na mnara wake mrefu wa kengele, tukakata tiketi, kuingia ndani ukuta mweupe, mara wanazima taa wanaturushia picha za projekta ukutani!! Naulizia michoro ya zamani ya ukutani naambiwa ipo Barcelona. Nani kaibeba?

mzee_wa_makumbusho: Haikuibwa mkuu, wenyewe wanasema iliokolewa, japo hiyo kauli huwa inanikwama kooni kidogo. 1907 wasomi wa Barcelona walipanda huko, akiwemo msanifu majengo Puig i Cadafalch, wakapiga picha wakaitangaza dunia nzima. Sasa mali ukiitangaza na madalali si wanasikia? Wakanunua michoro ya kanisa lingine, Santa Maria de Mur, wakaibandua, mpaka leo ipo makumbusho ya Boston, Marekani. Barcelona ndo wakashtuka, kati ya 1919 na 1923 wakanunua iliyobaki wakaibandua wenyewe, na mafundi wakachukua walewale Waitaliano wa Franco Steffanoni waliofanya kazi ya madalali 😂

dogo_wa_kota: sasa ukuta unabanduliwaje jamani si utavunjika

mzee_wa_makumbusho: Hawabandui ukuta dogo, ni rangi tu. Unapaka gundi ya wanyama ya moto juu ya mchoro unabandika vitambaa, ikikauka inajikunja inashika rangi, unavuta taratibu inatoka kama ngozi. Wanakunja kama mkeka, inashushwa na nyumbu, huko mjini inahamishiwa kwenye turubai jipya.

mwanakwaya: Mnaongelea gundi tu kanisa mmelisahau. Lilitabarukiwa 10 Desemba 1123 na Askofu Ramon wa Roda, kesho yake akatabaruku Santa Maria hapohapo kijijini, na tarehe tunaijua sababu iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo. Yule Kristo wa juu ya altare kashika kitabu kimeandikwa EGO SUM LUX MUNDI, mimi ndimi nuru ya ulimwengu, halafu leo ndo anawashwa na projekta, inauma bwana. Mimi nasema warudishe.

mzee_wa_makumbusho: Dada rangi imeshahama ukuta mara moja, ukiibandua tena utarudisha vumbi. Na projekta ya 2013 siyo mbaya hivyo, zamani walikuwa wamepaka nakala pale, walipoiondoa wakakuta vipande vya rangi ya asili bado vimeng'ang'ania ukutani. Kona_kona hukuviona?

kona_kona: Kumbe vile vimabaka pembeni! Nilidhani unyevu mkuu 🙈 Jumamosi napita Barcelona kabla ya ndege, nikamuone huyo Kristo mwenyewe.