Mawe ya Mazeras juu ya ukuta wenye rangi: kubandua plasta, kupigilia wavu, au gundi ya vigae?

Mkazi_Kisauni
Assalam aleikum ndugu zangu. Nataka kubandika mawe ya Mazeras, yale bapa ya huku Pwani, kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, kuanzia chini hadi kimo cha dirisha. Ukuta ni wa bloku za matumbawe, una plasta ya simiti, na juu yake rangi ya maji iliyopakwa mwaka baada ya mwaka. Kila fundi niliyemwita ana lake. Mmoja ataka kubandua plasta yote mpaka bloku zionekane. Mwengine ataka kupigilia wavu wa waya juu ya rangi hiyo hiyo, apige plasta mpya, kisha abandike. Wa mwisho asema nisijisumbue, gundi ya vigae inashika popote. Nyumba ni ya mama, na yeye ataka kazi ya kudumu. Nisaidieni kulinganisha.

Fundi_Mwashi_Mtwapa
Waaleikum salaam. Anza kwa kuliondoa la gundi juu ya rangi. Gundi nzuri itaishika rangi barabara, sikatai. Lakini rangi yenyewe imeshikwa na nini? Ni ngozi nyembamba tu iliyokaa juu ya plasta. Ukiitundika mawe, itabanduka na mawe yake, na ukiyaokota chini utaiona rangi imeganda juu ya gundi.

Uzito nao uuangalie. Mazeras ni jiwe la mchanga. Kipande cha unene wa milimita 25 kinakaribia kilo 58 kwa kila mita ya mraba. Cha milimita 40 kinapita kilo 90. Kwa kulinganisha, Marekani kiwango kilichozoeleka cha mawe yanayobandikwa kwa simiti peke yake kinaishia karibu kilo 73 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo unapokwenda kununua, chagua vipande vyembamba, usivutwe na rangi ya jiwe pekee.

Kati ya kubandua na wavu, kwanza tuambie hali ya plasta. Igonge kwa mpini wa nyundo, ukuta mzima, na utie alama ya chaki kila panapolia kama debe tupu.

Msimamizi_Nyali
Kuhusu wavu, nawasihi watu wa Pwani muwe waangalifu. Bara wavu wa kawaida unaweza kukaa miaka. Huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi, na mafundi wengi hutumia waya wa kufugia kuku kwa kuwa ni rahisi. Zinki yake ni nyembamba. Ikishakwisha, waya unashika kutu, kutu inavimba ndani ya plasta, na mawe yanasukumwa nje. Karibu na ufuo nimeona ukuta wenye michirizi ya rangi ya chai inayotiririka katikati ya mawe. Hiyo ni kutu ya wavu, na haisuguliki ikatoka.

Kama ni lazima wavu, basi uwe mzito uliochovywa kwenye zinki, au wa chuma cha pua ukiwa jirani kabisa na bahari. Na misumari yake iwe ya aina hiyo hiyo, maana ikioza misumari wavu wote unabaki unaning'inia.

Kijana_wa_Chaani
Mimi bado naunga mkono wavu. Bloku ya matumbawe ni laini. Plasta ya simiti iliyoshika vizuri, ukiipiga nyundo itoke, inatoka na nyama ya bloku. Unaanza na ukuta mzima, unamaliza na mashimo, na simiti ya kuyajaza inakugharimu kuliko wavu.

Fundi_Mwashi_Mtwapa
Kijana amesema kweli kuhusu bloku, ila kuna njia ya katikati ambayo hamjaitaja. Plasta ikiwa imara, adui ni rangi, si plasta. Ondoa rangi kwa grinda yenye diski ya kusugulia zege, na aliyeshika mashine afunge barakoa na miwani. Kisha donoa plasta kwa tindo, vidonda vidogo vilivyokaribiana, uso mzima. Palipolia utupu tu ndipo pa kubandua hadi kwenye bloku.

Ukimaliza, osha kwa brashi ya waya na maji, kisha jaribu: mwagia maji. Ukuta ukiyanywa na kugeuka mweusi papo hapo, uko tayari. Yakisimama matone matone na kuteleza, rangi bado ipo, rudi na grinda.

Bi_Mji_wa_Kale
Wanangu, naomba niseme moja kwa wenye nyumba kama zetu. Ukuta wa zamani wa Mji wa Kale, Mombasa, ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja au zaidi, na haukujengwa kwa simiti. Ukuta huo hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea nje kupitia chokaa. Jirani alifunika upande wa nje kwa simiti na mawe ya kubandika, akiutaka upendeze. Unyevu ukakosa pa kutokea, ukageukia ndani, na sasa chokaa ya sebuleni inamwagika unga unga juu ya makochi. Kwa nyumba hizo jibu langu ni kutobandika kabisa: pigeni chokaa upya. Na kabla ya kugusa uso wa nyumba ya Mji wa Kale, pitieni kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mkazi_Kisauni
Shukran sana, Bi. Yetu si ya chokaa, ni bloku za kukata kwa mashine. Nimegonga ukuta leo. Juu kote palia vizuri. Chini, kama kimo cha goti, palia utupu karibu urefu wote, na rangi imefanya malengelenge yenye unga mweupe.

Msimamizi_Nyali
Huo unga ni chumvi inayoletwa na unyevu. Tafuta chanzo kabla ya yote: bomba linalovuja, maua yanayomwagiliwa ukutani, au udongo uliorundikwa kupita kimo cha msingi. Usipokiziba, chumvi itarudi na kutokea juu ya mawe mapya. Na msichanganye simiti kwa maji ya kisima cha chumvi, wala mchanga wa pwani. Nunueni maji matamu na mchanga wa mto.

Fundi_Mwashi_Mtwapa
Basi mimi ningefanya hivi. Chini kubandua hadi bloku, kusugua chumvi kwa brashi kavu kwanza, na kuacha ukuta ukauke. Juu kuondoa rangi na kudonoa. Kisha lowesha ukuta, urushie rojo ya simiti moja kwa mchanga mbili, na uiache ishike hadi kesho yake. Halafu plasta ya simiti moja kwa mchanga tatu, unene kama milimita 12, chini ikiwa nene zaidi ili ilingane na juu. Ikaguliwe kwa timazi na rula ndefu. Kabla haijakauka ikwaruzwe mistari ya kulala, si ya kusimama, na imwagiwe maji angalau siku mbili kabla ya jiwe la kwanza. Usianze mwezi wa tano mvua zikiwa zimepamba moto.

Mkazi_Kisauni
Na mawe yaguse ardhi?

Fundi_Mwashi_Mtwapa
Hapana. Kwenye udongo acha sentimita 10, kwenye sakafu ya nje sentimita 5 zatosha. Mawe yaoshwe vumbi mgongoni, yaloweshwe kidogo, na kila moja lipakwe simiti mgongo mzima. Anza na vipande vya kona.

Mkazi_Kisauni
Nimeelewa. Mama ameshasema maua ya ukutani yahamishwe kesho asubuhi.